Mkono wa Nne

Mashine ya kufulia ya Zhuzhuna ilipasuka mpira
siku ya Jumanne, mimi nikiwa dukani, nimeinamia saa ya mtu,
kioo jichoni. Maji hayakupiga hodi.
Yalishuka orofa moja, yakaingia ukuta wa sebule yangu,
yakakaa humo kama mgeni asiyetaja siku ya kuondoka.

Nilikuta lipu imevimba mithili ya shavu la mwenye jino bovu.
Nikaigonga kwa kifundo cha kidole:
ikanijibu kwa sauti ya mtungi mtupu.
Nikaigonga tena. Hapo nilikosea.
Kipande cha ukubwa wa sinia kiliangukia redio.

Wiki tatu sikupanda ngazi kumwambia neno,
wala yeye hakushuka.
Tulipishana mlangoni kwa salamu fupi kama chafya.
Kutaisi nzima ilijua,
yaani orofa zote tano, na kwangu hizo ndizo Kutaisi nzima.

Ukuta ukikauka hunuka uyoga. Hilo sikuwa nikilijua.

Jumamosi nikakwangua.
Krimu; chini yake buluu, chaguo la mama;
chini ya buluu, waridi
nisiyoikumbuka, nami nimezaliwa chumba hiki hiki.
Nikaifunika kabla sijaanza kuiuliza maswali.

Jasi haimsubiri mtu.
Nimezeeka nikizichokonoa sekunde kwa kibanio,
lakini nilikoroga, nikageuka kutafuta mwiko,
na niliporudi nilikuwa na jiwe lenye umbo la ndoo.
Nikanunua mfuko mwingine. Nikanunua na ndoo.

Kisha puti, kisha msasa,
vumbi mpaka ndani ya sukari,
kisha rangi, mkono wa kwanza. Nikalala nikiwa na furaha.
Asubuhi doa limerudi, rangi ya chai ya mkandaa.
Mkono wa pili: limerudi.
Mkono wa tatu: limerudi, na sasa lina mipaka
kama ramani ya nchi iliyojipatia uhuru usiku.

Wahenga walituhimiza tuzibe ufa.
Kuhusu doa walinyamaza.

Jioni ile mlango ukagongwa. Zhuzhuna,
kandambili miguuni, kopo mkononi,
kopo la marehemu Vazha, aliyepaka mabehewa ya treni
miaka ishirini na sita.
Alilitazama doa kwa muda, kama mtu anayemtambua mwanawe
katika picha ya watukutu.
«Guram,» akasema, «rangi ya maji
haiwezi kuficha kilichofanywa na maji.»

Tulilifungua kopo kwa kijiko.
Juu palikuwa na utando kama wa maziwa yaliyochemka,
na chini yake kijani, kijani cha behewa,
kizito, hakina haraka.
Alipaka mwenyewe, akianzia pembeni akiingia kati.
Hakusema samahani. Sikumdai.
Tulipofungua madirisha kutoa harufu ya tapentaini
alibaki hapo, pua kwenye mkono wa sweta yake,
na mimi nikajifanya naosha brashi iliyokwisha kutakata.
«Usiuguse mpaka kesho,» akasema, akapanda kwake.

Krimu ikakaa juu ya kijani, ikatulia.
Lakini kiraka kikawa kisafi, na ukuta uliobaki
ukaonekana kama kola ya shati la wiki.
Nikaupaka wote. Kuta tatu zikanitolea macho.
Nikazipaka. Dari sitaki hata kuitaja.

Saa kumi na moja, jua linapoingia kwa ubavu,
ukingo wa kiraka huonekana,
pale nilipoinua mwiko mapema.
Wageni hawauoni. Wala hawajui
kwamba nyuma ya redio yangu limeegeshwa behewa.

Juu, mashine mpya imeanza kuzunguka.
Nimeshika kikombe, sinywi.
Nasubiri mpaka imalize kukamua.